Betri ya N70 itatutosha uwanjani?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo, shule ya sekondari upande wa Nguruka, wilaya ya Uvinza. Tunaandaa ligi ya voliboli kati ya wanafunzi na vijana wa vijiji vya jirani, mechi mbili kila jioni, na tungependa kucheza mpaka usiku. Uwanja uko nyuma kabisa ya shule na nguzo ya umeme iko mbali. Tuna amplifaya ya wati 500 na spika mbili za honi, ubao wa matokeo wa taa tuliopewa msaada (unachomekwa kwenye umeme wa kawaida), laptopu moja na pampu ya umeme ya kujazia mipira. Tunataka tuongeze taa nne za wati 100. Fundi wa hapa anasema tununue betri ya gari N70 na inveta ya wati 1000, itabeba vyote. Wengine wanasema tukodi jenereta. Tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, kazi njema tu. Nianze na lile la haraka kabla hela haijatoka mfukoni: kwa vyote ulivyotaja, N70 haitatosha. Itawafikisha kama nusu saa, au zaidi kidogo ikiwa mpya na imejaa vizuri. Seti ya kwanza mtaimaliza, ya pili mtaianza, halafu inveta italia pii-pii na wachezaji watadhani ni refa. Lakini usimgombeze fundi wako. Betri hiyohiyo, ukiitua mzigo wa taa, itawahudumia jioni nzima bila kuhema, na hiyo inveta pengine hamuihitaji kabisa.

Watu wakija kwenye karakana yangu hapa Kigoma mjini huanza na "nichukue betri gani?" Nami huwarudishia swali: vifaa vyako vinakula kiasi gani, na kwa saa ngapi? Wati ukizidisha kwa saa unapata wati-saa, na wati-saa 1000 ndiyo ile uniti moja unayonunua kwenye LUKU. Ukishaijua hesabu hiyo, betri inajichagua yenyewe. Shida ni kwamba namba zilizobandikwa kwenye vifaa hazisemi ukweli. Amplifaya yenye maandishi ya wati 500 haili wati 500. Mtangazaji anasema "pointi, Nguruka!", ananyamaza, anakohoa, anasema tena. Kwa kazi ya namna hiyo nimepima amplifaya nyingi na nyingi hucheza kati ya wati 40 na 70. Muziki wa mfululizo wakati wa mapumziko utaipandisha.

Usiniamini, pima mwenyewe. Njia ninayoipenda haina gharama. Beba amplifaya mpaka nyumba yoyote yenye LUKU, uombe wenyewe wazime kila kitu: taa, friji, hata chaja za simu. Kwenye mita kuna kitaa kidogo chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti, mara nyingi 1000 au 1600 ikifuatiwa na imp/kWh. Washa amplifaya, mtu aongee kwenye maiki kama atakavyoongea siku ya mechi, nawe uhesabu mimweko kwa dakika 10. Kwenye mita ya 1000, kila mmweko ni wati-saa 1. Ikimweka mara 10 katika hizo dakika 10, kwa saa nzima itamweka mara 60, maana yake kifaa kinakula wati 60. Kwenye mita ya 1600 utaona mimweko 16 kwa mzigo uleule. Fanya hivyo kwa ubao wa matokeo pia, uandike 18 kila upande ili taa nyingi ziwake. Ukiupima ukiwa 1 kwa 1 utajidanganya.

Mpaka utakapopima, nitumie makadirio yangu: amplifaya wati 60, ubao wati 30, laptopu na simu mbili za waamuzi wati 40, taa nne wati 400. Mkicheza usiku kwa muda wa saa 3, taa peke yake zitakula wati-saa 1200. Vingine vyote kwa pamoja ni 390. Jumla 1590, na robo tatu yake ni mwanga. Sauti, matokeo na kompyuta, vitu ambavyo watu hukosea kuviogopa, ni mzigo wa mtoto.

Sasa iangalie N70. Volti 12 mara ampea-saa 70 ni wati-saa 840, kwenye karatasi. Hiyo ni betri ya kuwashia gari: sahani zake za risasi ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha alteneta iirudishe pale ilipokuwa. Ukiimaliza chini mara makumi machache tu, imekufa. Kwa hiyo hesabu nusu yake, 420, ukae kwa amani. Vifaa vyako vyote kwa pamoja ni wati 530, na inveta nayo hula ushuru wake wa asilimia 10 hadi 15 kugeuza umeme. Betri itatoa karibu ampea 50 mfululizo. Na namba 70 iliyoandikwa ubavuni hupimwa kwa kuichota betri polepole, kwa saa 20, ampea 3 na nusu tu. Ukiichota kwa ampea 50 inatoa pungufu ya ilivyoahidi, kama mtungi wenye mdomo mwembamba unaoupindua ghafla. Ndiyo maana nikasema nusu saa.

Toa taa. Laptopu ijazeni chaji ofisini mchana, ina betri yake, mwacheni mfunga hesabu aitumie hiyo. Zinabaki wati 90, saa 3 ni wati-saa 270. N70 inabeba na inabaki.

Na inveta? Hapa ndipo ninapotaka uchukue bisibisi. Geuza amplifaya uitazame mgongoni. Zile za spika za honi, zinazofungwa kwenye magari ya matangazo, mara nyingi zina skrubu mbili, nyekundu na nyeusi, pameandikwa 12V DC au 24V DC. Kama ni 12, waya mbili kutoka kwenye betri zinaingia hapo moja kwa moja, fyuzi katikati, kazi imekwisha. Fundi aliyekuambia ununue inveta anataka uchukue umeme wa 12, uupandishe hadi 230, uuingize kwenye amplifaya, ambayo ndani yake ina transfoma ya kuushusha tena. Ni kupanda mlima wa Kasulu na kuteremka ili ufike nyumba ya jirani.

Ubao wa matokeo ni hadithi hiyohiyo. Taa zake za LED hazijui 230V ni nini. Chomoa plagi, subiri dakika kadhaa maana kondensa za ndani hubaki na umeme, kisha fungua kifuniko cha nyuma. Utaona kijisanduku cha bati chenye matundu, ndiyo pawa saplai. Soma kibandiko chake mahali palipoandikwa Output. Ikiwa ni 12V, unaweza kuilisha bodi kutoka betrini kwa kupita baada ya kile kijisanduku. Ikiwa ni 5V, nunua kigeuzi cha kushusha 12 kwenda 5, kile kidogo kinachouzwa kwa mafundi wa magari, cha ampea 10 ili kisitokwe jasho. Wati 30 kwa volti 5 ni ampea 6, usinunue cha ampea 3 kwa sababu ni rahisi. Angalia chanya na hasi mara mbili, kisha umwite mtu mwingine aangalie mara ya tatu. Ukigeuza, bodi inakufa kimya kimya, hata moshi huuoni.

Kama ubao umefungwa kwa namna isiyofunguka, au waliouleta hawataki uguswe, basi nunua inveta ndogo ya wati 300 kwa ajili yake tu. Chagua ile ambayo boksi lake limeandikwa Pure Sine Wave. Zile za Modified ni nusu bei, lakini amplifaya ikiunganishwa humo huvuma kama nyuki mzingani, na transfoma na mota hupata moto usio wa lazima. Na 1000 iliyoandikwa kwenye inveta ya bei chee mara nyingi ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Kwa mfululizo, tegemea nusu.

Tuje kwenye taa, maana huko ndiko hela yako itakwenda.

Kwanza, je, mnazihitaji? Sisi huku saa zetu ni za Dar es Salaam lakini jua letu ni la magharibi. Kigoma jua huwa juu kabisa karibu na saa 7 mchana, si saa 6, na huzama karibu na saa 1 usiku mwaka mzima, kuongeza au kupunguza dakika chache. Dar wakiwa wamewasha taa, sisi bado tunaona mpira. Mechi ya seti mbili kwa tatu huchukua kama saa moja. Mkianza saa 10 jioni, mechi mbili zinaisha kabla giza halijaingia, kila siku ya ligi, bila taa hata moja. Wekeni taa kwa nusu fainali na fainali tu. Hapo mnaweza hata kuzikodi kwa siku mbili badala ya kuzinunua. Najua utaniambia watazamaji wanakuja wakishatoka mashambani na gulioni, na usiku una raha yake. Sawa. Ila nimekutajia bei ya raha hiyo: robo tatu ya umeme wote.

Kama bado mnazitaka, sikilizeni kilichonipata mimi. Nilipewa kazi ya bonanza la vijana pale Ujiji, uwanja wa mchanga, taa mbili za LED za 12V, wati 100 kila moja. Betri ilikuwa mpya, taa mpya. Nikaweka betri mezani kwa waamuzi kwa sababu pale palikuwa na turubai, nikavuta waya wa milimita 1.5 (za mraba), kila taa na wake, mpaka kwenye nguzo ya taa, mita 25. Nilikuwa nao umebaki kwenye gari, nikasema utafaa. Tulipowasha, taa zikawaka, zikazima, zikawaka, zikazima, kama vimulimuli. Watoto wakashangilia wakidhani ni disko. Nikabadilisha taa, nikabadilisha betri, nikafungua swichi. Karibu saa nzima imepita ndipo nikaweka mita kwenye ncha ya waya juu ya nguzo: volti 7 na kidogo. Betri chini inasoma 12.5.

Waya ulikuwa umekula zaidi ya volti 5. Hesabu yake ni hii: shaba ya milimita 1.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa kila mita. Mita 25 kwenda na 25 kurudi ni mita 50, yaani omu 0.6. Taa ya wati 100 kwa volti 12 huvuta ampea 8.3. Zidisha: volti 5. Watu husahau ile safari ya kurudi. Kwenye umeme wa 230V taa hiyohiyo huvuta chini ya nusu ampea na waya uleule ungepoteza robo ya volti, usingeona kitu; ndiyo maana mafundi wa majumbani tunapokuja kwenye 12V tunaaibika. Usiku ule nilihamishia betri chini ya nguzo, nikaifunika na ndoo, mechi ikachezwa.

Kwa hiyo taa zenu nne nisingeziweka kwenye 12V, wala nisingeziweka kwenye 230V katika uwanja wa nyasi wenye umande, watoto pekupeku na waya unaopita kando ya mstari. Mtu atakuambia weka swichi ya usalama ya kukata umeme unapovuja. Ni nzuri nyumbani, lakini inveta ndogo nyingi umeme wake haujafungwa ardhini, hivyo swichi hiyo inaweza isikate siku mtu akiguswa, hata kama kitufe chake cha majaribio kinafanya kazi. Mimi ningekwenda 24V. Kwa kawaida 24V haimrushi mtoto hata akiushika waya kwa kiganja chenye jasho, na upotevu unakuwa mdogo. Tumia waya wa milimita 4, taa mbili mbili kwa kila upande. Kwa mita 20, taa mbili huvuta ampea 8.3 na kupoteza volti 1 na nusu kati ya 24. Inavumilika. Zingekuwa za 12V, ampea zingekuwa 16.7 na ungepoteza volti 3 kati ya 12, robo nzima imebaki njiani.

Taa za LED za 12 hadi 24V zipo. Waulize wanaouza vifaa vya malori, au mkija mjini teremkeni mpaka Kibirizi mkaone wavuvi wa dagaa. Zamani ziwa lilikuwa linawaka karabai usiku, siku hizi ni LED na betri ndani ya mtumbwi. Wale watu wanajua taa ipi ni ya kweli na ipi ni kibandiko, kwa sababu taa ya uongo haileti dagaa. Jihadhari hasa na zile taa za sola zilizoandikwa wati 300 zikiwa na kipaneli cha ukubwa wa daftari. Kipaneli cha namna hiyo hakiwezi kulisha wati 300 zaidi ya dakika chache kila usiku. Ya kwako uliyoambiwa ni 100, ipime: kwa 24V lazima ivute ampea zaidi ya 4. Ikivuta 1, umeuziwa wati 24.

Msitegemee mwanga wa uwanja wa taifa. LED nzuri hutoa kama lumeni 100 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) kwa wati, taa nne ni 40,000, na tuseme nusu yake ndiyo inaangukia uwanjani. Uwanja ni mita 18 kwa 9, ukiongeza mita 3 kila upande unapata mita za mraba 360. Hiyo ni kama laksi 55, yaani lumeni 55 kwa kila mita ya mraba. Mpira mweupe au wa njano mtauona, smashi ya nguvu mtaiona ikishafika. Kwa ligi ya kijiji inatosha. Nguzo ziwe nje ya mistari mirefu, urefu wa mita 6 hivi, na zisikae usawa wa wavu, maana mpangaji mpira anapotazama juu atatazama taa.

Kuanzia mvua za Novemba kumbukeni kumbikumbi. Mara ya mwisho nilipowasha taa kubwa uwanjani msimu huo, seti ya pili ilisimama kwa sababu watazamaji, wachezaji, na nadhani hata mwamuzi wa mstari, walikuwa wanakusanya. Taa zenye mwanga wa manjano huwavuta wadudu kidogo kuliko za mwanga wa bluu.

Betri ya kulisha taa hizo: mkiwa na uwezo, nunueni lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma, imeandikwa LiFePO4, ya 25.6V na ampea-saa 100. Ni wati-saa 2560, unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, yaani saa 5 za taa zenu. Uzito wake mtu mmoja anaubeba. Betri mbili za sola za risasi za ampea-saa 100, zikiungwa mfululizo kupata 24V, zinafika kilo 60 hivi kwa pamoja. Zitawapa saa 2 na nusu kwa kujinyima. Bei ya lithiamu itawashtua mara ya kwanza. Mimi ningeomba shule iichukue lithiamu halafu ligi ikiisha iwashe mabweni na maabara, kuliko kununua risasi mbili zitakazolala stoo bila chaji mpaka mwaka ujao, maana betri ya risasi iliyolala tupu hujiua yenyewe.

Kuijaza tena: paneli ya wati 300 hivi. Kiangazi huku hesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, ukitoa hasara unabaki na kama wati-saa 1000. Karibu inarudisha usiku mmoja wa taa. Masika hesabu pungufu sana. Paneli ya 12V, ile inayotoa volti 18 juani, haiwezi kuijaza betri ya 24V. Ama uunge mbili mfululizo ama uchukue moja kubwa yenye volti 36 na kontrola ya MPPT (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri), ukaiweke kwenye mpangilio wa lithiamu. Mwezi wa 6 hadi wa 9 jua hupita kaskazini mwetu, kwa hiyo ilaze paneli kwa nyuzi 10 hadi 15 ikitazama kaskazini. Saa zake za kazi ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Na vumbi la Julai lifuteni kwa kitambaa kibichi kila siku mbili, si kwa fagio.

Jenereta. Sisi watu wa Kigoma tuliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, mji mzima ukisukumwa na majenereta ya dizeli, kwa hiyo hakuna haja ya kumwelezea mtu wa huku kelele ni nini. Kwa fainali ya siku moja, kukodi jenereta kuwasha taa ni akili, ni rahisi kuliko betri yoyote niliyoitaja. Chukua ile ya inveta ndani yake, ndogo, ya kilowati moja au mbili. Zile za sauti ya pikipiki mbovu zinazochanganywa petroli na oili hupandisha na kushusha volti ovyo. Kuna mtu nilimfahamu aliyezima taa zake zote kwa mkupuo baada ya mechi, jenereta ikaruka mbio kwa kukosa mzigo, volti zikapanda, ubao wa matokeo uliokuwa kwenye ekstensheni hiyohiyo ukaishia hapo. Iwe upande upepo unakoelekea, mbali na wachezaji na kamwe isiingizwe chumbani au hemani hata mvua ikinyesha, moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Petroli usiongeze ikiwa inaunguruma au bado ya moto.

Hata mkiwa na jenereta, ubao na amplifaya viacheni kwenye N70. Jenereta ikiishiwa mafuta matokeo ni 23 kwa 22, taa zinazima, lakini ubao bado unaonyesha 23 kwa 22 na mtangazaji anaweza kuwatuliza watu. Nimeona ugomvi mkubwa ukizaliwa kwenye giza la dakika tano.

Mambo machache ya mkono. Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu, isizidi shibri moja kutoka kwenye betri, si kule mwisho karibu na kifaa. Inalinda waya, na waya unaanzia betrini. Kwa amplifaya na ubao weka ya ampea 15. Kwa kila jozi ya taa, 15 pia. Nati zikazwe, vibanio vya mamba ni vya kuazimana chaji barabarani, vikilegea vinatoa cheche na betri ya maji inayotoka kuchajiwa hutoa gesi inayowaka. Spana isilale juu ya betri. Betri iwe ndani ya kreti lenye mfuniko, na anayeongeza maji aongeze yale yaliyotoneshwa, si ya bombani na si asidi.

Pampu ya umeme iacheni stoo. Huvuta ampea 10, inapiga kelele, na voliboli inataka upepo kidogo, kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba, pampu ya gari inaupita ukiwa bado unatafuta swichi. Mpeni kijana pampu ya mkono, aloweshe sindano kwanza.

Halafu nunueni mita ya bei rahisi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.7, ikiwa nusu husoma 12.2, na ikifika 12.0 ikiwa imepumzika umeshaingia kwenye sehemu inayouma. Usingoje inveta ikuambie. Nyingi hukata karibu na 10.5, zinajilinda zenyewe, hazikulindii betri. Siku ya mechi ya kwanza mteue mwanafunzi mmoja aandike volti za N70 kila baada ya seti, na mzigo ukiwa umewaka, kisha asubuhi yake kabla hamjaichaji. Nitumie hizo namba pamoja na idadi ya mimweko ya LUKU, nitakuambia kama N70 inatosha kweli au muivushe kwenda N100 kabla ya nusu fainali.